Mtoto wa figo moja: kwa nini daktari anasema "usiogope" na bado anataka umlete kila mwaka

Siku nne baada ya kujifungua, daktari wa watoto aliishika picha ya altrasaundi ya mwanangu akaniambia mambo mawili. La kwanza, figo ya kushoto haifanyi kazi, lakini nisiogope, maana figo moja inamtosha mtu maisha yake yote. La pili, nimrudishe mtoto baada ya wiki sita, kisha baada ya miezi sita, kisha kila mwaka mpaka awe mtu mzima. Nilitoka pale nimembeba mtoto mkono mmoja na bahasha ya picha mkono wa pili, nikijiuliza: kama figo moja inatosha, kliniki ya miaka kumi na minane ni ya nini? Na kama kliniki ni ya lazima, mbona naambiwa nisiogope?

Miaka sita imepita. Kwenye mabenchi ya kliniki ile nimekaa na wazazi wengi, na nimeona tunavyogawanyika. Wapo walioshika neno la kwanza, wakarudi mara mbili au tatu, wakamwona mtoto ananenepa na anacheka, wakaacha kuja. Wapo walioshika la pili, wakamlea mtoto kama yai: asikimbie, asile nyama, asicheze na wenzake. Wote wanampenda mtoto wao. Wote wameondoka na nusu ya maelezo. Naandika ili hizo nusu mbili zikae pamoja, kwa sababu daktari yule hakujipinga hata kidogo.

Ilitokea lini, na ni kosa la nani

Figo huanza kuumbwa karibu wiki ya tano ya mimba, wakati wanawake wengi hata hawajajua kuwa wana mimba. Kichipukizi kidogo, ambacho baadaye kitakuwa mrija wa kuteremsha mkojo, huota na kuelekea kwenye bonge la chembe changa lililo jirani yake. Vikigusana, kichipukizi kinaliamsha bonge, na bonge linakiamsha kichipukizi kitoe matawi. Hapo ndipo figo inajengwa. Kichipukizi kisipoota, figo ya upande ule haipatikani kabisa. Kikiota lakini mawasiliano yakavurugika, inapatikana figo isiyo figo: vifuko vya maji vilivyoshikana kama kichala cha zabibu, bila sehemu ya kuchuja damu. Kwenye ripoti hii ya pili utaikuta imeandikwa MCDK.

Kuzaliwa bila figo moja humpata takriban mtoto 1 kati ya 1,000 hadi 2,000. Figo ya vifuko humpata takriban 1 kati ya 4,000. Kwa hesabu hiyo, hospitali inayozalisha watoto elfu kumi kwa mwaka huwapokea kadhaa kila mwaka, ijue isijue. Wengi hawajulikani kamwe. Kuna watu wazima wanaoambiwa kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka hamsini, walipokwenda kupiga picha ya mawe kwenye nyongo.

Sasa kuhusu lawama, kwa sababu najua zinavyoanza. Mtoto hajatoka wodini, tayari mama ameulizwa kama alikula udongo, kama alikunywa dawa za kienyeji, kama upande wa kwao kuna mtu wa namna hii. Kwa watoto walio wengi sababu haijulikani, na hakuna alichokula au alichoacha kula mama yao kilichofanya kichipukizi kile kisiote. Yapo machache yanayojulikana. Kisukari cha mama kisichodhibitiwa mwanzoni mwa mimba huongeza uwezekano wa maumbile ya mtoto kwenda kombo, figo zikiwemo. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril, hudhuru figo za mtoto tumboni, ndiyo maana mwanamke anayezitumia anatakiwa kubadilishiwa dawa anaposhika mimba au anapojiandaa kuishika. Na katika baadhi ya familia hali hii inarithiwa. Daktari akiomba baba, mama na ndugu wa mtoto nao wapigwe altrasaundi ya figo, anatafuta mwingine mwenye figo moja ambaye hajui ili naye ajilinde. Waume wanaokataa kipimo hiki kwa kuona ni kesi ya ukoo wanawanyima watoto wao wengine nafasi ya kujua.

Na jambo hili linalonifariji hadi leo: kuanzia katikati ya mimba, sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka mtoto tumboni ni mkojo wake mwenyewe. Kama maji yalikuwa ya kutosha, basi figo ile iliyobaki ilikuwa kazini miezi kabla hujauona uso wa mtoto.

Inatoshaje?

Ndani ya figo kuna vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaitwa nefroni. Kwa wastani kila figo ina vichujio kama milioni moja, ingawa watu hutofautiana sana: wapo wenye laki mbili au tatu kwa figo, na wapo wenye zaidi ya milioni mbili. Yaani hata sisi wenye figo mbili hatukugawiwa sawa, na wengi tunaishi na akiba kubwa ambayo hatuitumii.

Figo iliyobaki peke yake hukua. Huanza kukua mtoto akiwa bado tumboni, na kwenye picha huonekana kubwa kuliko figo ya mtoto mwingine wa umri uleule. Ripoti inaposema figo ya kulia "imeongezeka ukubwa", mzazi husoma na kudhani imevimba, kwamba sasa na hii nayo inaumwa. Ni kinyume chake. Daktari anafurahi anapoiona kubwa, na anaanza kuwa na mashaka akiiona ya kawaida au ndogo, kwa kuwa hiyo ni dalili kwamba haikuchukua kazi ya mwenzake ipasavyo. Nilisoma neno lile usiku mzima kabla ya kulielewa. Mzazi mwenzangu, usilale na ripoti usiyoielewa, rudi ukaulize.

Ushahidi kwamba binadamu anaishi vizuri na figo moja ni wa muda mrefu. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Ronald Herrick alitoa figo yake moja akampa pacha wake Richard, katika upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa duniani. Ronald aliishi na figo iliyobaki mpaka mwaka 2010, akafariki akiwa na miaka 79. Hapa kwetu Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka uliofuata. Nyuma ya mgonjwa aliyepona pale yupo mtu wa karibu aliyetoka na figo moja akarudi kwenye shughuli zake.

Hiyo ndiyo maana ya "usiogope".

Kliniki ni ya nini basi

Mfano wa mtu aliyetoa figo una mwisho wake, na hapa ndipo wengi tunapopotea. Anayetoa figo ni mtu mzima aliyepimwa kutoka kichwani hadi miguuni, na madaktari wamehakikisha kuwa inayobaki ni nzima. Mtoto wetu hakuchaguliwa. Figo aliyobaki nayo ilijengwa na mafundi walewale walioshindwa kujenga ile nyingine, kwa hiyo inawezekana nayo ina kasoro ndogo. Kasoro inayotafutwa zaidi ni mkojo kurudi nyuma, kutoka kwenye kibofu kupanda kwenye figo badala ya kushuka tu. Hupatikana kwa takriban robo ya watoto hawa. Wengi hupona wenyewe wakikua, lakini mkojo unaopanda ukiwa na vijidudu huacha kovu, na mtoto huyu hana figo ya akiba ya kubeba kovu.

La pili ni uchovu wa polepole. Mwaka 1982 daktari wa figo Barry Brenner na wenzake walitoa maelezo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kliniki hizi: vichujio vikiwa vichache, kila kimoja hupitisha damu nyingi kwa shinikizo kubwa kuliko kawaida. Kwa miaka mingi hilo halina shida. Kwa baadhi ya watu, shinikizo lile huanza kuchosha vichujio. Vinavuja protini kidogo kwenye mkojo, vingine vinapata makovu, vilivyobaki vinaongezewa mzigo, na presha ya damu inapanda. Vichujio vipya havitengenezwi tena. Kiwanda hufungwa karibu wiki ya 36 ya mimba, ndiyo sababu mtoto wa figo moja aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo hufuatiliwa kwa ukaribu zaidi.

Haya yote hayaumi. Mtoto anacheza, anakula, anapata namba nzuri darasani, na figo yake inachoka kimya. Uchunguzi wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia watoto zaidi ya 400 wenye figo moja inayofanya kazi, ulikuta kwamba zaidi ya theluthi yao walikuwa na angalau dalili moja: presha juu, protini kwenye mkojo, uchujaji uliopungua, au tayari wanatumia dawa za kulinda figo. Tafadhali usikisome kiwango hicho kama theluthi ya watoto kufa figo. Dalili moja si figo kushindwa kazi. Hao ni watoto wa hospitali, na wengi wasio na shida yoyote hawafiki huko. Maana yake ni kwamba dalili zipo za kutosha kuzitafuta, na zikionekana mapema zinatibika. Dawa inayotumika mara nyingi ni ya kundi la enalapril, ileile inayomdhuru mtoto tumboni. Kwa mtoto aliyezaliwa, akipewa na daktari kwa kipimo chake, inapunguza shinikizo ndani ya vichujio.

Kwa hiyo ziara ya kila mwaka, ambayo jina lake linatisha, kwa mtoto asiye na matatizo ina mambo matatu: presha, mkojo, na kwa vipindi picha ya altrasaundi kuona kama figo inakua. Mara mojamoja huongezwa kipimo cha damu. Kwenye presha simama imara. Mtoto apimwe akiwa ametulia, na kwa mkanda wa saizi yake, kwa sababu mkanda usiolingana na mkono hutoa namba ya uongo. Vituo vingi vina mkanda wa mtu mzima tu. Uliza. Mimi huuliza kila mara, na hakuna muuguzi aliyewahi kuniona mkorofi.

Vipimo vya mwanzo vinavyochanganya

Picha ya altrasaundi ya siku ya kwanza au ya pili inaweza kudanganya. Mtoto mchanga wa siku hizo ana maji machache mwilini na anakojoa kidogo, hivyo figo iliyotanuka huonekana nyembamba. Kurudia picha baadaye ni utaratibu, si dalili kwamba wameona jambo baya wakakuficha. Kreatinini nayo, yaani taka ya mwili ambayo figo huichuja kwenye damu: kipimo cha damu cha siku za kwanza huonyesha zaidi kreatinini ya mama kuliko ya mtoto, na hushuka kadiri wiki zinavyokwenda. Mzazi akilinganisha namba ya siku ya pili na kiwango cha kawaida kilichochapishwa pembeni ya karatasi anaweza kuzimia bure.

Wakati mwingine figo "iliyokosekana" ipo, ila haikupanda mahali pake, imebaki kwenye nyonga. Mpigaji picha mzoefu hutafuta na huko.

Kuna kipimo cha nyuklia kinachoitwa DMSA, kinachoonyesha kila figo inafanya kazi kiasi gani. Mtoto huchomwa dawa yenye mionzi kidogo, kisha hulazwa chini ya kamera. Dar es Salaam tiba ya nyuklia ipo kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, na nimeona mama akipokea barua ya rufaa akaanza kulia pale pale mlangoni kwa kuliona jina hilo. Mtoto hana saratani. Anafuata mashine. Laiti wanaoandika rufaa wangetumia nusu dakika kulisema hilo.

Kipimo cha mkojo kurudi nyuma, cha kuingiza mpira mwembamba kwenye kibofu na kupitisha dawa inayoonekana kwenye eksirei, hakifanywi kwa kila mtoto. Huombwa picha ikionyesha mirija imetanuka, au mtoto akipata maambukizi ya mkojo yenye homa.

Na tafadhali tutofautishe majina. Figo ya vifuko ya upande mmoja si ule ugonjwa wa kurithi unaojaza vifuko figo zote mbili. Ndugu waliosoma kidogo huchanganya mambo haya, wakakuambia mtoto atafikia kusafishwa damu. Figo ya vifuko ya upande mmoja kwa kawaida husinyaa yenyewe, na kwa watoto wengi baada ya miaka kadhaa haionekani tena kwenye picha. Zamani ilikuwa inatolewa kwa upasuaji. Siku hizi kwa kawaida inaachwa.

Nyumbani

Kubwa kuliko yote ni homa. Kwetu mtoto akichemka tunawaza malaria, na ni sawa kupima malaria, lakini mtoto huyu apimwe na mkojo. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya mkojo hawezi kusema panauma akikojoa. Anakataa ziwa, anatapika, analialia, analegea, manjano yake ya uchanga hayaishi. Akiwa chini ya miezi mitatu na joto limefika 38, ni hospitali, saa hiyohiyo, usiku au mchana. Ikiwezekana mkojo uchukuliwe safi, kabla ya antibiotiki ya kwanza, na uoteshwe maabara kuona kama una vijidudu. Mkojo wa kukamuliwa kwenye pampasi haufai. Na kwa mtoto wa kiume, angalia anavyokojoa: mkojo unaodondoka matone badala ya kuruka ni wa kumwonyesha daktari mapema.

Kuharisha na kutapika huja pili, kwa sababu figo inahitaji damu yenye maji ya kutosha. Ziwa liendelee, ORS ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na ukiona nepi kavu kwa saa nyingi, usisubiri asubuhi.

Wakati huo wa homa na kuharisha ndipo dawa za maumivu hufanya madhara. Ibuprofeni, ambayo wengi tunaiita Brufen, na diklofenaki, hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mwili ukiwa mkavu figo huweza kuzimika ghafla. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wa mtoto inatosha kwa homa. Dukani usiombe "dawa ya homa ya mtoto", taja jina. Jentamaisini, sindano inayotumika sana kwa vichanga wenye maambukizi, inaweza kudhuru figo, lakini usiikatae: maambukizi ya damu huua mtoto haraka kuliko dawa hiyo inavyoweza kuumiza figo. Sema mtoto ana figo moja, daktari apime kipimo na afuatilie. Dawa za mitishamba na maji ya tumbo yasiyojulikana yamo nini, mimi nilizikataa mbele ya mama mkwe wangu, kwa heshima, nikiwa nimepiga magoti, lakini nilizikataa. Dawa ya chupa nayo inunuliwe palipo na mfamasia. Mwaka 2022 nchini Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kushindwa kazi ghafla, na dawa za kikohozi zenye sumu ndizo zilizohusishwa na vifo hivyo.

Chakula ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo, bila maji juu yake. Ni chakula chepesi zaidi kwa figo changa. Maziwa ya ng'ombe yana chumvi na protini nyingi kwa mtoto wa miezi michache, hayamfai. Uji na chakula cha kulikiza visitiwe chumvi mwaka wa kwanza, na viungo vya mchuzi vya pakiti vikae mbali. Baada ya hapo ale mnachokula, maharage, samaki, nyama. Nimeona mtoto wa miaka mitatu aliyedumaa kwa sababu wazazi waliambiwa protini inaua figo. Anayepunguziwa protini ni mgonjwa ambaye figo yake imeshadhoofu, tena kwa maelekezo ya daktari. Kwa mtoto mwenye afya ni njaa tu. Kitu cha kuogopa huko mbele ni chumvi na unene.

Akianza shule, muulize kama anakojoa shuleni. Watoto wengi hujizuia kutwa nzima kwa sababu choo kinanuka au hakina mlango, na mkojo uliokaa huzaa maambukizi. Choo kikubwa kigumu nacho hubana kibofu. Nilikwenda kumwona mwalimu mkuu kwa jambo hili kabla ya kwenda kwa jambo lingine lolote. Michezo acheze. Figo imejificha chini ya mbavu, na ajali ya baiskeli huidhuru mara nyingi kuliko mpira wa miguu. Ngumi na mieleka ndiyo ya kuzungumza na daktari kwanza.

Msichana ana jambo moja la ziada. Kichipukizi cha figo na mfuko wa uzazi huumbwa jirani, kwa hiyo karibu theluthi ya wasichana waliozaliwa bila figo moja wana mfuko wa uzazi wenye umbo tofauti, wakati mwingine wenye upande ulioziba. Apigwe altrasaundi akikaribia kuvunja ungo, ili asiteseke na maumivu ya kila mwezi ambayo kila mtu atayaita ya kawaida. Mvulana akaguliwe kama korodani zote mbili zimeshuka.

Kwenye jalada la ndani la kadi ya kliniki ya mwanangu niliandika kwa wino mwekundu: "Figo moja tu, ya kulia. Asipewe Brufen wala diklofenaki. Akiwa na homa, apimwe mkojo." Kadi hiyo imepita mikononi mwa wauguzi wa vituo vitatu. Lakini kadi hupotea, na siku moja atakuwa bweni, mbali nami, ana homa, mbele ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo namfundisha kuisema mwenyewe. Ana miaka sita. Hunyoosha kidole ubavuni na kusema, "Yangu iko huku," na mara nyingi ni upande wa kushoto, nami naushika mkono wake nauhamishia kulia.